Uwanja wa Familia: Mkwaju Mmoja wa Mwaka 1968

Mwezi huu tunawapeleka mbali kidogo, Uingereza, kwenye mchezo ambao hapa kambini hauchezwi na pengine hautachezwa, maana uwanja wetu ni mawe matupu na mchezo wenyewe ni wa kuangushana. Lakini vumilieni. Habari hii inamhusu mtu mmoja, ndugu zake, na mpira mmoja uliopigwa vibaya, na tuna sababu ya kuileta.

Raga wengi wenu mmeisikia kwa ile timu ya Kenya ya watu saba, iliyowapiga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore mwezi wa Aprili 2016. Hiyo ni raga ya upande mmoja. Kuna ndugu yake wa tumbo moja, inaitwa raga ya ligi, na hao wawili walitengana kwa sababu ya mshahara. Kaskazini mwa Uingereza wachezaji walikuwa watu wa migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Ukienda kucheza, unakatwa pesa, na nyumbani watoto wanasubiri mkate. Klabu za kaskazini zikasema: basi tuwalipe angalau ile pesa waliyokatwa. Wakubwa wa mchezo wakakataa kabisa, eti mpira ni wa waungwana, haulipwi. Tarehe 29 Agosti 1895 wakuu wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George, mji wa Huddersfield, wakajitoa. Mchezaji akaruhusiwa kulipwa shilingi 6 kwa siku ya kazi aliyoipoteza. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, na huo ndio mchezo mpaka leo.

Kwa hiyo raga ya ligi tangu mwanzo ni mchezo wa mtu anayehesabu siku zake za kazi. Tunafikiri wasomaji wetu wanaobeba matofali kwa kibarua wataelewa hapo bila maelezo mengi.

Kikombe chao kikubwa kinaitwa Challenge Cup. Kilianza mwaka 1897, na tangu 1929 fainali imekuwa ikichezwa mara nyingi kule London, kwenye uwanja wa Wembley. Kwa watu wa kaskazini hiyo ilikuwa kama hija. Kijiji kizima kinapanda basi na treni, mabibi na wajukuu, kofia za rangi ya timu kichwani.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Jumamosi, tarehe 11 Mei 1968. Leeds na Wakefield Trinity. Watu 87,100 uwanjani, na wengine wengi mbele ya televisheni. Wakefield wiki moja kabla walikuwa wameshachukua ubingwa wa ligi, wakiwafunga Hull Kingston Rovers 17 kwa 10. Walikuwa wanataka vyote viwili.

Mvua ya radi ikaja. Si mvua ya kusema, wee! Ilimwagika mpaka majani ya Wembley, ambayo watu wanayasifu kama zulia, yakawa dimbwi. Mchezaji akiangushwa anateleza kama mtumbwi, na maji yanaruka pande zote. Mpaka leo Waingereza wanaiita fainali ya kurushiana maji. Nyinyi mnaokumbuka msimu wa mvua ulivyofanya uwanja wetu pale chini, karibu na mtaro, mnaweza kuchora picha wenyewe.

Hesabu ya magoli zamani ilikuwa hivi. Mchezaji akiugusisha mpira chini, nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani, hiyo ni trai, pointi 3 (siku hizi ni 4, tangu 1983). Baada ya trai, timu iliyofunga inapewa mkwaju wa nyongeza: unaweka mpira chini, unapiga upite katikati ya milingoti miwili, juu ya mti wa kati. Pointi 2. Penalti pia pointi 2. Na sheria ya mkwaju wa nyongeza ni kwamba unapigwa mkabala na mahali trai ilipofungwa. Trai ikifungwa pembeni, unapiga kwa pembe, kazi ngumu. Ikifungwa katikati ya milingoti, unapiga ukiwa umeitazama uso kwa uso. Shikeni hapo.

Wakefield walianza vizuri. Winga wao Ken Hirst alifunga trai, na Don Fox akapiga mkwaju wa nyongeza ukaingia, kisha akaingiza na penalti. Leeds walikuwa na Bev Risman, naye akaingiza penalti mbili. Wakaenda mapumziko 7 kwa 4, Wakefield mbele.

Kipindi cha pili ndipo palipozuka maneno. John Atkinson, winga wa Leeds, alikuwa anaufukuzia mpira kwenye maji, akagongana na mabeki wa Wakefield. Hakuugusa mpira chini. Lakini refa akasema wamemzuia, bila hivyo angefunga, akatoa trai ya adhabu. Watu wa Wakefield walipiga kelele, na wazee wao bado wanabishana. Sisi tunasema refa alikuwa na haki ya kutoa uamuzi huo kwa sheria, ila katika maji yale ni nani angejua kama kijana angeufikia mpira au angeteleza mpaka kwa wapiga picha? Basi. Risman akaingiza nyongeza, 9 kwa 7. Dakika zikiwa zinaelekea mwisho kabisa, Leeds wakapata penalti, Risman tena, 11 kwa 7.

Hapo mashabiki wa Leeds walianza kuimba. Kikombe chao.

Wakefield ndio waliotakiwa kuanzisha mpira katikati. Aliyeupiga ni Don Fox. Hakuupiga juu na mbali kama kawaida, aliupiga chini-chini, ukateleza. Leeds wakashindwa kuushika. Hirst akatokea mbio, akaupiga kwa mguu, akaufuata, akaupiga tena, akaufikia nyuma ya mstari, akauangukia. Trai! Na mahali gani? Katikati ya milingoti, pale pale. 11 kwa 10. Muda umekwisha. Kilichobaki ni mkwaju wa nyongeza tu, pointi 2, Wakefield wachukue kwa 12 kwa 11.

Mpigaji ni Don Fox.

Lazima tuwaambie kidogo huyu ni nani. Alizaliwa mwaka 1935 katika kijiji cha Sharlston, kijiji cha mgodi karibu na Wakefield, baba yake mchimba makaa. Walikuwa ndugu watatu, wote wa raga. Peter mkubwa, baadaye akawa kocha mwenye jina, na mwaka 1973 akakichukua kikombe hicho hicho akiwa na Featherstone Rovers. Don wa kati. Neil mdogo, huyo ndiye mpigaji aliyefunga pointi nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya raga ya ligi, pointi 6,220. Neil alikuwa mchezaji wa Wakefield. Mikwaju ya Wakefield ilikuwa kazi yake. Lakini siku ile ya Mei 1968 alikuwa ameumia, hakucheza. Kazi ikamwangukia kaka yake.

Na Don hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka kumi na zaidi alichezea Featherstone, akaacha rekodi ya trai 162 katika klabu ile. Aliichezea timu ya taifa mwaka 1963 dhidi ya Australia. Siku ile ya fainali alicheza vizuri sana hivi kwamba waandishi wa habari walishapiga kura, kabla mpira haujaisha, kumpa tuzo ya Lance Todd, ambayo ni ya mchezaji bora wa fainali. Tuzo ilikuwa yake tayari, yeye mwenyewe hajui, anaweka mpira kwenye tope.

Akarudi nyuma. Akaja. Mguu wake wa kusimamia katika maji yale haukupata mahali pa kushika. Mpira ukatoka vibaya kwenye kiatu, ukaenda kulia, nje ya mlingoti.

Akaanguka chini, kichwa kwenye majani. Mtangazaji wa BBC, Eddie Waring, alisema mara mbili kwamba amekosa, kisha sauti ikabadilika, akamwita maskini kijana. Filimbi. Leeds 11, Wakefield 10. Wachezaji wa Leeds wanarukaruka, na katikati ya uwanja kuna mtu mmoja peke yake. Kisha wakampelekea kipaza sauti, na wakampa tuzo yake ya mchezaji bora. Mtu ameshika tuzo huku anatamani ardhi ipasuke.

Sasa kwa nini tumeileta habari ya miaka zaidi ya hamsini iliyopita. Kwenye sanduku letu la barua tulikuta barua ya mama mmoja. Hatutamtaja, wala bloku yake. Mtoto wake wa miaka 15 ndiye aliyekosa ile penalti ya mwisho kwenye mashindano ya bloku. Mliokuwepo mnajua, mpira ulipita juu, ukaenda kutua kwenye mahema. Mama anaandika kwamba tangu siku ile watu wanamwita kijana "Mawingu". Watoto wanamwita, vijana wa bodaboda wanamwita, hata mtu mzima mmoja wakati wa mgao alimwita hivyo mbele ya foleni nzima na watu wakacheka. Mtoto sasa anachota maji usiku. Shule ameenda siku mbili katika wiki tatu. Baba yake anasema aachwe, atakomaa, mwanaume hapelekwi kwa daktari kwa ajili ya penalti. Mama anatuuliza: nifanye nini?

Hapa ofisini hatukukubaliana mara moja. Mmoja wetu alisema utani ni kawaida ya mpira, utapita wakijapo wengine wa kuchekwa. Mwingine, ambaye amelea watoto saba, alisema utani wa uwanjani unabaki uwanjani, lakini ukimfuata mtoto mpaka kwenye bomba la maji huo si utani tena. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Tulivyomaliza tulisimama na huyu wa pili, na ndipo tukaikumbuka habari ya Don Fox.

Maana tazameni ile hesabu ya Wembley vizuri, mama, na umwambie mwanao aitazame. Wakefield walifungwa kwa pointi 1. Katika pointi zao 10, Don Fox alifunga 4 kwa mguu wake. Ile trai ya mwisho, iliyowarudisha wafu wakawa hai, ilitokana na mpira alioanzisha yeye. Bila Don Fox hakuna mkwaju wa kukosa, wangefungwa 11 kwa 7 au zaidi na hakuna mtu angekumbuka. Kuna na trai ya adhabu ya Atkinson, pointi 3 ambazo hazikuguswa chini. Kuna penalti ambazo Wakefield walizitoa wenyewe kwa kufanya makosa, na Risman akaziadhibu, tatu kati ya mikwaju yake minne. Kuna Neil, ambaye mguu wake uliuma. Wote hao wamo kwenye ile pointi 1. Lakini kamera ilimwona mmoja.

Na hiyo penalti ya hapa kwetu, tumeuliza kwa waliokuwepo. Mechi ilikwenda sare, bao 2 kwa 2. Timu ya kijana ilikuwa inaongoza 2 bila mpaka dakika za mwisho. Nani aliruhusu yale mabao mawili? Kipa ana jina la utani? Beki ana jina? Na katika wapigaji watano, alikosa yeye na mwenzake mmoja, wa pili. Huyo wa pili anapita sokoni kama kawaida, kwa sababu tu yeye hakuwa wa mwisho. Na kocha, mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyempanga mtoto wa miaka 15 apige wa mwisho. Tungependa kusikia kutoka kwake.

Tena tunamsifu Risman, ambaye watu wanamsahau. Katika dimbwi lile lile, kwa viatu vile vile vizito vya zamani, aliingiza minne. Kikombe kile Leeds walikipata kwa mguu wake. Lakini ukitaja fainali ya 1968 kwa Mwingereza wa kaskazini, hakuambii Risman, anakuambia Don Fox. Watu wanapenda kukumbuka aliyeanguka. Hilo halijaanzia hapa kambini.

Kwa hiyo mama, tunasema hivi. Kwanza baba wa kijana atusamehe, lakini kukomaa hakuji kwa kuachwa peke yako gizani na ndoo ya maji. Aende naye yeye mwenyewe, mchana, kwenye bomba. Si lazima aseme kitu. Watu wakimwona baba yuko ubavuni, jina la utani linakuwa zito mdomoni. Pili, viongozi wa bloku, nyinyi mnaosimamia foleni ya mgao, mtu mzima anayemwita mtoto wa mtu kwa jina la kumdhihaki mbele ya watu, mwambieni arudi mwisho wa mstari. Mnao uwezo huo, tumewaona mkiutumia kwa mambo madogo zaidi. Tatu, walimu: kijana akirudi, msimuulize mbele ya darasa alikuwa wapi. Muulizeni pembeni. Na kama haponi, halali, hali, mama usingoje, pale zahanati kuna watu wa ushauri, hawatozi pesa na hawatangazi.

Kuhusu mpira wenyewe, asilazimishwe kupiga penalti tena mbele ya watu ili eti aondoe aibu. Tumesikia kuna wanaopanga hivyo. Acheni acheze kwanza. Akitaka kupiga, atasema.

Don Fox alifariki mwezi wa Agosti 2008, akiwa na umri wa miaka 72. Maisha yake yote baada ya Wembley aliulizwa habari ya mkwaju ule, na mkanda wake umeoneshwa tena na tena. Vijana wenye simu wanaweza kuutafuta leo hii wakauona. Magazeti yalipoandika habari za msiba wake, miaka 40 ilikuwa imepita, na bado yaliutaja mkwaju. Zile trai 162, ni mpaka usome chini. Wakefield wenyewe, waliokuwa wamekichukua kikombe 1960, 1962 na 1963, walirudi Wembley 1979 wakafungwa na Widnes 12 kwa 3, na mpaka fainali ya 2025 walikuwa hawajakichukua tena. Kwa hiyo kila mwaka kikombe kikikaribia, habari inaanza upya.

Na mwaka 2025, kwa wale wanaopenda kufuatilia, fainali iliisha karibu vile vile. Hull Kingston Rovers walikuwa nyuma ya Warrington, dakika za mwisho kabisa, Tom Davies akafunga trai. Mkwaju wa nyongeza ukawa ndio wa kuamua kikombe. Safari hii mpigaji alikuwa Mikey Lewis, na mpira ukapita katikati. 8 kwa 6, kikombe cha kwanza kikubwa cha Hull Kingston Rovers tangu 1985. Wale wale wanaokumbuka Don Fox walishika pumzi, tunaamini, mpaka bendera zilipoinuliwa.

Barua zenu ziendelee kuja kwenye sanduku lililo mlangoni, lile la buluu, si lile la malalamiko ya mgao. Andikeni hata kwa penseli, na asiyejua kuandika aje Jumanne asubuhi, tutamwandikia. Kocha tuliyemtaja hapo juu nafasi yake ya kujibu ipo, toleo lijalo, ukurasa huu huu. Na kijana kama unasoma: kuna mpira mpya umefika kwa wasimamizi wa michezo, mazoezi ni Jumatano na Ijumaa saa kumi.